Cheti cha Kifo cha Mama Chenda

Battambang,
Jumapili jioni

Kwako Kaka Borin,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini u mzima huko Phnom Penh, na mgongo wako umepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama bado anavundika samaki wake wa prahok mpaka majirani wanafunga madirisha, na akiambiwa apunguze anaongeza mtungi.

Kaka, ulinipigia simu ukaniambia, "Malis mdogo wangu, hii kazi ya ustawi wa jamii itakuponza. Achana na hicho kituo cha yatima." Nikakata simu bila kuaga. Niwie radhi kwa utovu wa adabu, lakini kwa hilo uliloniambia, jibu langu ni hapana. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Yote yalianza na Chenda, msichana wa miaka kumi. Nilikwenda kukagua kituo, nikawakuta watoto wakivalishwa nguo za ngoma ili wawachezee wageni wanaotoa michango. Nilipoinama kumfunga mkanda, akaninong'oneza, "Dada, mimi si yatima. Ila tukisema hivyo tunanyimwa wali."

Faili lake lilikuwa na nakala hafifu ya cheti cha kifo cha mama yake, yenye mhuri na sahihi isiyosomeka. Jina la kijiji lilikuwa la uongo. Mtoto alikumbuka tu pagoda, hekalu la Wabudha, iliyoezuliwa paa na upepo, na kwamba mpaka wa Thailand haukuwa mbali. Jumamosi tatu nilizunguka na pikipiki yangu nikiulizia. Ya tatu nikamkuta mama mmoja akimenya mihogo, jina lake Savun, lilelile la kwenye cheti. Kusoma hajui, basi nikamsomea cheti chake mwenyewe.

Alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Akasema, "Kumbe nilikufa mwaka wa mafuriko! Na hii mihogo kapanda nani?" Kisha kicheko kikageuka kilio. Alikuwa amemtoa mtoto kwa ahadi ya shule, akaambiwa atarudishwa kila Mwaka Mpya. Mara nne alifika getini, na mara nne mlinzi alimfukuza akidai kwamba mtoto akimwona mama atavurugikiwa.

Niliporudi ofisini, bosi wangu alifunga mlango. Akaniambia kwa upole, "Malis, faili moja kupotea si ajabu. Humu ndani panya ni wengi." Nikamuuliza kama panya wa ofisi yetu siku hizi wanajua kusoma, maana wanakula mafaili yenye ushahidi tu. Kesho yake nilihamishiwa stoo, nihesabu mablanketi. Sikuhesabu hata moja. Nilikwenda kwa hakimu.

Wiki iliyopita tulifika kituoni na amri ya mahakama, polisi wawili na Savun. Mkurugenzi alisimama getini akifoka, "Unajua mimi ni nani?" Nikamjibu, "Nakujua. Na huyu ni marehemu, kaja kumchukua mwanawe." Polisi mmoja alishindwa kujizuia, akacheka.

Chenda hakukimbia kumkumbatia mama yake kama nilivyotarajia. Alisimama mbali, akamuuliza, "Mbona ulikufa?" Savun akachuchumaa kwenye vumbi. "Sikufa, mwanangu. Nilikuwa hapo nje."  Mtoto akasogea, akamshika sikio, kama anayehakikisha kitu.

Sasa Kaka, nikwambie jambo ambalo bosi alidhani litaninyamazisha. Siku ile alipofunga mlango alinionyesha cheti chenyewe halisi na sahihi yake, akanipa kiberiti, akasema niamue mwenyewe. Sikuhitaji kusoma jina. Mwandiko ule ndio ulionifundisha kuandika. Ni wako, wa zamani zile ulipokuwa karani wa kata. Na mafaili mengine kumi na mawili yana mwandiko huohuo.

Sikukichoma. Nilimkabidhi hakimu mafaili yote kumi na matatu kwa mikono yangu, nikamtajia jina lako na kwamba ni kaka yangu. Wewe ndiye uliyenibeba mabegani kuvuka maji ili nifike shule. Sijasahau. Nililia njia nzima. Hata hivyo kesho nikipewa vyeti vile tena, nitavipeleka tena. Usinitumie mtu wa kunibembeleza.

Kesi inasikilizwa Alhamisi. Nitaketi upande wa Savun. Njoo mwenyewe kabla hawajakufuata, useme nani alikutuma, maana watoto kumi na wawili bado wana mama ambao hatujui wako wapi, na wewe unajua.

Msalimie sana wifi, na uwabusu watoto. Mweleze wifi ukweli kabla hajausikia kwa watu. Mama nimemsomea barua hii yote. Akaniagiza niongeze kwamba chumba chako kipo na mkeka umetandikwa, ila upitie mahakamani kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Malis