Sanduku la Kale

Jumamosi, Makadara

Rangi imekataa kutoka kidoleni. Sanduku nililonunua leo, ambalo binamu yangu Mwanaisha, mwenyeji wangu hapa Mombasa, aliniapia kuwa ni la enzi za mababu, limepakwa juzi tu.

Hilo lisingeniuma, wageni hulaghaiwa kila mji. Lakini tulipoingia dukani, karibu na Ngome ya Yesu, muuzaji alimchangamkia yeye: "Karibu, Bi Mwanaisha! Leo waniletea mmoja tu?"

Nilimgeukia. Hakutahayari hata kidogo.

"Dada, wewe nimeshamwambia akupunguzie."

Katika mji huu sina mwingine wa kumwamini. Kazini nimehoji waongo wengi, na usiku nikalala vizuri. Ila hao hakuna aliyenipikia mahamri asubuhi yake, kama Mwanaisha atakavyonipikia kesho.