Nyumba ya Baba Ina Watu Tena

Nyumba ya Baba,
Kijiji cha Yanxi,
Qingtian, Zhejiang.
5 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Guanlin,

Mgongo unaendeleaje? Bado unavaa ule mkanda aliokupa daktari, au umeutupia kabatini kama nilivyosikia? Najua huko Zaragoza upepo umeshaanza kuuma, kwa hiyo funga shingo vizuri unapotoka jikoni na jasho. Watoto wako nao hawajambo? Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika asubuhi, ila yakishapata moto yananyamaza. Mavuno ya mpunga yamekwisha, na samaki tunaowafuga ndani ya maji ya mashamba mwaka huu wamenona kweli.

Jianbo ameniambia kwamba alikupigia simu na kukueleza, kwa maneno yake mwenyewe, kuwa mama yake ametoroka. Nataka usikie na upande wangu. Ningekupigia mimi, lakini unatujua tukiwa kwenye simu: wewe unauliza nimekula nini, mimi nauliza umekula nini, tunapigiana kelele mpaka inakatika. Karatasi haina kelele.

Ni kweli, tangu tulipomaliza kufagia makaburi ya wazee mwezi wa nne, naishi katika nyumba ya baba. Siishi peke yangu. Tuko wanne, na hakuna aliye ndugu wa mwenzake.

Usidhani mwanangu alinitesa. Shemeji yako alipofariki, Jianbo alinichukua siku ileile ya arobaini na tisa tulipomaliza matanga, akanipeleka kwake Wenzhou, ghorofa ya kumi na saba. Yeye na mkwe wangu Ruoyan walinitunza mpaka nikakosa la kufanya. Sikuruhusiwa kubeba hata kabichi. Kitu changu pekee kilikuwa kushuka uani asubuhi kupiga jianzi na wanawake wa mtaa, lile fungu la manyoya ya jogoo tulilokuwa tukilirusha kwa mguu, mimi na wewe, hadi mama anatoka na ufagio kutuita tukale. Siku moja niliteleza kwenye kigae chenye maji. Nilichubuka kiwiko, basi. Lakini Jianbo alikuja mbio kutoka kazini, uso umemtoka rangi.

"Mama, kuanzia leo unatazama tu," aliniambia. "Ukivunjika nyonga katika umri huu, hunyanyuki tena."

Nikatazama tu. Wao huondoka asubuhi na kurudi giza limeingia. Mchana kutwa nilikaa karibu na mlango nikisikiliza lifti ikipanda na kushuka bila kusimama kwetu.

Aliyenitoa pale ni Pan Qiaoyun. Utamkumbuka, tulisoma naye darasa moja, yule mwenye sauti ya kuamsha kuku. Baadaye aliuza tambi mjini miaka mingi, na sasa alikuwa akiishi kwa binti yake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuja kunitembelea, akavua viatu, akatazama ile sebule yenye ukimya, akasema, "Yuexian, wewe una nyumba ya vyumba vinane kijijini wanamolala panya. Mimi nalala kwenye kochi la binti yangu. Hebu niambie, mjinga ni nani kati yetu?"

Tulicheka. Kisha hatukucheka tena, tukaanza kupanga.

Wa tatu ni Lei Chunjiao, wa kabila la She, kutoka mlima wa nyuma. Wanawe wote wako Italia, na alikuwa amebaki na mbuzi. Huyo ndiye mkulima wetu, na ukimwacha peke yake bustanini huanza kuimba zile nyimbo za kwao. Wa nne ni Mzee Zhan Bogen, aliyekuwa dereva wa basi la kwenda Lishui. Mkewe alifariki mwaka juzi. Yeye analala chumba cha getini, anatupeleka sokoni kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu, na kila siku hulalamika kwamba alipokuwa na mke mmoja aliambiwa afute miguu mara moja, sasa anaambiwa mara tatu.

Majirani walitushangaa mwanzoni. Wajane watatu na mwanamume mmoja, hawana undugu, wanapika chungu kimoja. Bibi mmoja aliniuliza sokoni kama tumejiunga na dini mpya. Nilimwambia ndiyo, na ibada yetu ni ya asubuhi, aje aone. Akaja. Akatukuta uani tunapiga jianzi, Mzee Zhan akirusha mguu kama mtu anayemfukuza jogoo jikoni. Sasa huja mwenyewe kila anapopata nafasi.

Guanlin, nilikuwa na furaha ambayo sikutegemea kuipata tena. Nilikuwa nalala nikiwa nimechoka, na kuchoka kwenyewe kulikuwa kutamu.

Ndipo zikaja mvua za mwezi wa sita. Asubuhi moja tulikuwa tunacheza chini ya kibaraza kwa sababu ua ulikuwa umejaa maji. Zamu ilikuwa ya Qiaoyun. Jianzi lilimjia vizuri kabisa, lakini mguu wake haukunyanyuka. Akacheka. Kicheko kikatokea upande mmoja wa mdomo. Chunjiao ndiye aliyeelewa kwanza. Alimdaka kabla hajafika chini, akamwita Mzee Zhan alete pikipiki. Tukamlaza Qiaoyun nyuma juu ya magodoro, tukamfunika kwa nailoni ya kufunikia mboga, mimi nimekishika kichwa chake mapajani. Mzee Zhan aliendesha ile njia ya mtoni kama vile bado ana basi zima la watu wanaochelewa.

Kilikuwa kiharusi. Daktari alisema tumemfikisha mapema, na kwamba hilo ndilo lililomwokoa. Baada ya wiki chache ulimi ulirudi, mkono ukarudi. Mguu wa kushoto ukagoma.

Hapo watoto wakaja juu. Jianbo alinipigia simu na neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeona sasa, Mama?" Binti yake Qiaoyun, Caiping, alikuja hospitali akilia, akaanza kufungasha nguo za mama yake bila kumuuliza. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Niliogopa, mdogo wangu. Nilijiuliza kama hatukuwa wazee wanne tunaochezea maisha yetu.

Qiaoyun akamwita binti yake karibu na kitanda. Alikuwa bado anaongea kama mtu mwenye ubwabwa wa moto mdomoni.

"Caiping, unatoka kazini saa ngapi?"

"Saa moja jioni, Mama. Lakini nitaomba ruhusa."

"Mimi nilianguka saa mbili asubuhi."

Caiping aliigeuzageuza blauzi ya mama yake mkononi. Mwishowe akaikunjua, akaitundika tena. Alimwachia aje na sisi, kwa sharti kwamba atamwona kwenye simu kila jioni, uso na mguu pia.

Muuguzi alitufundisha mazoezi: nyanyua mguu, shusha mguu. Qiaoyun aliyachukia. Alisema anafanywa kama pampu ya kisima. Akawa anakaa kwenye kiti, amegeuzia uso ukutani, chakula hataki, na ule mdomo wake wa utani umefungwa. Siku moja nilimkuta analia bila sauti. Sijawahi kumwona Qiaoyun akifanya lolote bila sauti, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kiharusi chenyewe.

Mzee Zhan ndiye aliyefunga jianzi kwa uzi kwenye boriti ya kibaraza, likaning'inia mbele ya kiti cha Qiaoyun, usawa wa kifundo cha mguu wake. Alifunga, akaenda kuosha pikipiki.

Mwanzoni upepo ulilitikisa zaidi kuliko yeye. Alikuwa akilitukana. "Hata wewe unanicheka, kuku usiye na nyama?" Tukajua amerudi. Siku kidole chake gumba kilipoligusa, Chunjiao aliacha jembe bustanini akaja mbio na matope yake mpaka ndani. Tuliupandisha uzi kidogo kidogo. Ilipofika sikukuu ya mwezi mpevu alikuwa anasimama, ameshika nguzo kwa mkono mmoja, na kulipiga kwa mguu uleule uliogoma. Linakwenda upande, linampiga Mzee Zhan kichwani, lakini linakwenda.

Sasa nikueleze siku ya Tisa Mbili, ile tarehe tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda yetu ya zamani, maana najua Jianbo hakukueleza yote.

Alikuwa amenitumia ujumbe kwamba atakuja siku hiyo kunichukua, na kwamba mazungumzo yamekwisha. Sikumjibu. Sisi tulikuwa tumeshapanga kupanda hadi kwenye kibanda cha juu ya mashamba ya chai, kama wazee wetu walivyopanda kila mwaka siku hiyo. Nilidhani Qiaoyun atabaki na redio. Asubuhi nikamkuta amevaa viatu, fimbo mkononi, amekaa getini.

"Mnachelewa," akasema.

Jianbo alifika na maboksi matupu ndani ya gari. Akakuta nyumba haina mtu. Yule bibi wa sokoni akamwonyesha mlima kwa kidole. Alitukuta tumefika katikati, Chunjiao mbele akiimba, Mzee Zhan na kikapu cha keki za mchele, mimi pembeni ya Qiaoyun, na Qiaoyun akipanda ngazi za mawe moja moja, kama mtu anayepima kila jiwe kabla ya kulinunua.

"Mama! Mmechanganyikiwa?" Jianbo alifoka kutoka chini. "Mtu wa kiharusi mnampandisha mlima?"

Qiaoyun hakugeuka. "Kijana, ukitaka kufoka, njoo ufokee hapa nyuma yangu. Nikianguka angalau utafaa kitu."

Akaja. Guanlin, laiti ungemwona mpwa wako na viatu vyake vya ofisini. Alitembea nyuma ya Qiaoyun, mikono ameitandaza pande zote mbili kama anayefuata mtoto anayejifunza kutembea, ila hakumgusa. Kila kona tulikaa tukapumzika, na aliyehema kuliko wote ni yeye. Karibu na juu ule mguu ukaanza kutetemeka.

"Usinishike," Qiaoyun akasema.

"Sikushiki, Mama mdogo," Jianbo akajibu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu baba yake alipokuwa mgonjwa. "Nipo tu."

Qiaoyun akafika. Alikaa kwenye benchi la kibanda akasema, "Haya, nipeni keki, nimeifanyia kazi."

Tulikula, tukanywa chai ya maua. Jianbo alikuwa anatazama chini, kwenye paa letu. Kisha akasema, "Vigae vya upande wa jikoni vimebonyea." Na baadaye, "Choo chenu ni cha kuchuchumaa. Huyu mama anafanyaje?"

"Anashika kamba," Mzee Zhan akamjibu, huku akitafuna. "Nimeifunga mimi. Ni kamba nzuri."

Jianbo akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yapo.

Hakuniambia nipande gari. Maboksi yake aliyaacha uani, Chunjiao ameweka humo viazi. Jumamosi iliyofuata alirudi na fundi wa mabomba, choo cha kukalia, na vyuma vya kushikilia ukutani. Mpaka leo hajatamka kwamba amekubali. Lakini mtu hanunui choo kwa nyumba anayotaka mama yake aihame.

Limebaki lako. Nyumba hii baba alituachia sote wawili, na Jianbo amenidokeza kwamba kuna mtu wa Lishui anaitaka aigeuze kuwa ya wageni, na kwamba wewe unafikiria. Nakuomba usiuze. Sikuamuru kama dada mkubwa, nakuomba kama mtu aliyepata pa kukaa. Ukisema hapana nitakuelewa, ila nitaumia, na wenzangu hawa sijui watakwenda wapi.

Na tangu mkeo Meifen alipotutoka, mwanao wa kike ameniambia, unakula umesimama jikoni mkahawa ukishafungwa. Watoto wako ni watu wazima, wanaweza kuendesha ule mkahawa. Chumba cha juu kinachotazama mto ni chako, hakuna aliyelala humo. Chunjiao anaanika pilipili tu, na ataziondoa. Njoo mwaka mpya, utazame. Usipopapenda utarudi zako.

Nilipomwambia Qiaoyun kwamba ninakuandikia, aliuliza jambo moja tu: unajua kupika? Nikamwambia umewalisha Wahispania miaka thelathini. Akasema, "Basi andika kwamba tunamsubiri, na aje na kisu chake."

Nisalimie wanao, Haoran na Shiyun, na mjukuu ambaye bado sijambeba. Jianbo na Ruoyan wanakuamkia. Qiaoyun anakusalimu, na Chunjiao na Mzee Zhan pia ingawa wao hamjaonana bado. Baba na mama, popote walipo, wakutazame kwa jicho jema, wakupe miguu ya kukufikisha nyumbani.

Nafunga hapa kwa sababu kuna kelele juu. Mzee Zhan amepanda na brashi ya chuma, anakwangua kutu kwenye dirisha la chumba chako. Sijamtuma.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda siku zote,

Mao Yuexian