Onyo Lililobaki Leeds

Temeke, 9 Juni 1998

Mdogo wangu Faraji,

Salaam. Sie wazima. Mkeo Mauwa mimba inamchosha kidogo, ila anakula. Baridi ya huko imepungua?

Programu yako imetufaa hapa zahanati. Nikiandika jina la dawa, kompyuta inapiga simu chuoni kwenu, inaleta ukurasa wa dawa na kurasa zilizounganishwa nao: kipimo, maonyo, dawa mbadala. Hata laini ikikatika naona nilichokwisha kuletewa. Daktari Theonest anakusifu.

Dada yako,
Rukaiya

Leeds, 2 Julai 1998

Dada, shikamoo.

Mie mzima, baridi nimeizoea. Kila kinacholetwa, programu inakitunzia nakala humo kwenye kompyuta yenu, isipige simu tena kwa kitu kilekile. Ukurasa wa dawa wenyewe inauletaga upya kila siku. Zilizounganishwa nao haziletwi tena, maana ni nadra kubadilika. Ndiyo maana ina kasi. Mwezi uliopita huku chuoni tuliongeza maonyo kwa dawa kadhaa, kazi ilikuwa nyingi.

Mwambie Mauwa nitakuja mtoto akizaliwa.

Mdogo wako,
Faraji

Temeke, 20 Julai 1998

Faraji ndugu yangu,

Natumaini u mzima. Huku si kwema. Nilipiga simu bwenini kwako, hukupatikana.

Mauwa alipata maambukizi ya mkojo, akaja zahanati. Nikafungua dawa kwenye kompyuta. Ukurasa ulikuwa wa siku hiyohiyo. Nikafungua maonyo, hayakutaja wajawazito. Daktari akamwandikia, akameza. Baadaye damu ikaanza kumtoka, tukamkimbiza hospitali. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume.

Daktari wa hospitali hasemi ni dawa, hasemi si dawa. Ila jana, nilipoisoma barua yako, nilifuta nakala zote, kompyuta ikapiga simu chuoni upya. Ukurasa wa maonyo ukaja mwingine: asipewe mjamzito. Nilioutumia ulikuwa wa Mei.

Mauwa kaniuliza, "Wifi, ile programu si ya Faraji?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani.

Dada yako,
Rukaiya

Leeds, 6 Agosti 1998

Dada, shikamoo. Poleni sana.

Nimeirekebisha. Sasa kila ukurasa uliounganishwa una muda wake; ukiisha, programu inauliza huku kama umebadilika. Laini ikikatika, nakala inatokea na maandishi mekundu kwamba ni ya zamani. Nimeijaribu vya kutosha. Disketi analeta Kasimiri, mwenzangu wa hapa chuoni, anakuja likizo.

Mie masomo yamebana, mwaka huu sitaweza kuja. Mpe Mauwa salamu.

Mdogo wako,
Faraji

Temeke, 14 Septemba 1998

Faraji,

Sie tupo. Kasimiri kafika. Programu inafanya kazi. Niliikata laini makusudi, maandishi mekundu yakatokea. Daktari Theonest siku hizi anauliza tarehe kwanza.

Mauwa nilimsomea barua yako. Akauliza, "Imeishia hapo?"

"Imeishia hapo."

Kesho yake akarudi kwao Kimbiji. Ameniagiza nikwambie hakuomba talaka, na salamu za kubebewa hapokei tena. Huko simu hakuna, na barua mie siipeleki. Ukimtaka mkeo, mfuate.

Dada yako,
Rukaiya