Shikamoo Iliyomponza Leokadia

Mwamvita, mjukuu wangu Leokadia kashindwa! Na mchezo alishaushika!

Fainali ya chesi ya vijana, mshindi anakwenda Dar kuwakilisha mkoa. Leokadia kamnyanyua malkia, bado hatua moja ammalize Severin. Mara kaingia bibi kizee mmoja, kateremka Mgeta na lori la kabichi.

Mtoto ana adabu, shoga. Kamtua malkia popote, kapiga goti: "Shikamoo bibi!"

Popote penyewe ndipo anaporukia farasi wa Severin! Malkia mzima!

Akataka kumrudisha. Mwamuzi: "Ukishaachia, umecheza."

Severin kamla malkia, kisha eti, "Marahaba!"

Huyo bibi kizee nani? Si ni mimi mwenyewe, nimekwenda kushangilia!

Leokadia kaninunia mpaka jioni, ndipo akasema: "Bibi, mwakani baki Mgeta. Shikamoo nitakutumia kwa simu."