Siku Uliyonivalisha Magauni Mawili

Dada yangu Magdalena,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kwa wanaokuja mnadani: miguu inakusumbua, ng'ombe wamebaki wawili, na watoto wote wameshaoa na kuolewa isipokuwa Neema, ambaye naye harusi yake inakaribia. Neema huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Lakini wacha nianzie mbali kidogo, kulekule kijijini Buger, mama alipotutoka nami nikabaki mikononi mwako.

Unakikumbuka kipupwe cha kwetu? Watu wa pwani ukiwaambia kuna baridi Tanzania wanacheka. Waje mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka msituni hata zizi la jirani halionekani, halafu wacheke. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, anarudi mara moja moja, kwa hiyo nyumba uliishika wewe. Na uliishika kwelikweli. Mungu alikunyima vingi, lakini ubahili alikupimia kwa debe. Sabuni ilikuwa ya mgao miaka ile, ukawa unaikata kwa uzi vipande vyembamba. Maji yaliyooshewa vyombo aliyanywa ndama. Kibatari hakikuwashwa mpaka ugali uive, na kilizimwa kabla hatujameza tonge la mwisho. Usiku moto ulifunikwa majivu ili asubuhi tusiguse kiberiti. Siku niliyosahau kuufunika ulinijia juu.

"Kiberiti unanunua wewe?"

"Nitaenda kuomba moto kwa jirani."

"Ukaombe na akili hukohuko."

Tukacheka wote wawili, nami nikaenda kuomba huo moto.

Tulilala juu ya ngozi, karibu na ndama ili tupate joto lao. Blanketi lilikuwa moja, limechakaa katikati mpaka unaona upande wa pili, na lilitutosha tukilala ubavu tu. Mmoja akitaka kugeuka ilibidi tugeuke wote. Ulikuwa unasema "Haya," nami nageuka hata sijaamka. Mpaka leo mume wangu analalamika kwamba akijigeuza kitandani na mimi najigeuza.

Asubuhi uliniwekea viazi vitamu vya moto mifukoni, nipashe mikono njiani, nikifika shuleni nile. Kitu kimoja, kazi mbili, ulisema. Sikujua mapenzi mengine zaidi ya hayo, na sikuyahitaji.

Ndiyo maana asubuhi ile uliponiambia nivae magauni yangu yote mawili sikushtuka. Nilikuwa nayo mawili tu, la shule na la Jumapili.

"Leo baridi kali," ulisema. "Vaa yote. Tunakwenda Karatu."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta blanketi."

Ulinipaka mafuta ya kondoo miguu isipasuke, ukanifunga vifungo mpaka cha shingoni. Nilitembea kifua mbele njia nzima. Nilijiona mimi ndiye mtoto anayependwa kuliko wote Buger.

Dukani kwa Mama Rukia nilikuwa sijawahi kuingia. Yeye alikuwa na mtoto mchanga anayelia, mume wake amesimama nyuma ya kaunta. Mkanong'onezana. Mzee akashusha blanketi jipya kutoka juu kabisa, mwaka ambao hata mwenye pesa zake alikuwa haoni blanketi. Ukalikunja, ukaliweka kwapani bila kulipa hata senti. Mimi nikapewa mtoto nimbembeleze.

"Kaa naye kidogo," uliniambia. "Nafika mashineni mara moja."

Hukuwa na mahindi ya kusaga, Dada. Hilo nililiona jua lilipoanza kuinama, nikiwa bado nimemshika mtoto wa watu na kuuchungulia mlango.

Mama Rukia alinionea huruma. "Dada yako hakukuambia, mwanangu? Utakaa na sisi." Kisha, kwa upole, akasema, "Vua hilo gauni la juu tulitunze. Humu ndani hakuna baridi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ulikuwa umenifungashia mizigo yangu mwilini, hata mfuko wa kubebea ukaubania. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi ndicho kilichonivalisha nguo.

Sitamsema vibaya Mama Rukia. Nilikula nikashiba, nikafundishwa kupika, nikaozeshwa kutoka nyumbani kwake kama binti. Shule ndiyo sikuiona tena. Na kwa muda mrefu nililala kwenye godoro langu peke yangu nikiwa macho, kwa sababu hakuna aliyesema "Haya."

Mwaka uliofuata Baba aliingia dukani. Nilikuwa na mtoto wa Mama Rukia mgongoni. Nikatoka mbio nyuma ya kaunta.

"Shikamoo, Baba!"

Hakuitikia. Alinunua chumvi, akanitazama toka juu mpaka chini. "Kama mji ndio ulioutaka," alisema, "basi kaa nao." Akatoka.

Nikaamini kwamba ni yeye aliyenitoa, na kwamba hivyo ndivyo mzazi anavyoongea akishakuchoka. Nikakaa na mji wangu. Sikukanyaga tena Buger. Alipofariki nilipata habari akiwa ameshazikwa, na nikajisemea kwamba sina cha kumlilia.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Neema alikuja Karatu kununua vitu vya harusi, akafikia kwangu. Tulikuwa tumekaa jikoni tunapukuchua maharage, akanitazama kwa huruma, masikini, mtoto mwenye adabu zake.

"Mama mdogo, nikuulize kitu? Mbona wewe ni mtu mwema hivi? Kwa nini ulitoroka nyumbani ukamwacha mama peke yake?"

"Nani amekuambia nilitoroka?"

"Mama. Hutusimulia kila kipupwe. Anasema mlikuja kutafuta blanketi, ukamponyoka sokoni, ukapenda mji. Anasema Babu alilia kama mtoto."

Maharage yalinimwagika yote, akainama kuniokotea. Nilimwambia tu akakuulize tena, vizuri.

Baba alilia, Dada. Alinililia mimi, na mimi sikujua.

Njaa naielewa. Ulikuwa msichana mdogo, nyumba haina unga, na mdomo mmoja ukipungua sufuria inatosha. Hata kuniacha kwa watu, siku nikiwa na moyo mweupe, naweza kukuelewa; na mimi nimelea. Lakini uliporudi nyumbani ulimwambia Baba kwamba nimemkimbia. Ukamwacha aende kaburini akinihesabu mtoto mkaidi, nami huku nikimhesabu baba mkatili, na hakuna kati yetu aliyekuwa na kosa. Kwa umri wangu huu, mimi mwenye wajukuu, naamka asubuhi nimekasirika. Nimekasirika, na nakupenda, na hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi.

Neema anasema unataka nije harusini nikae na wewe upande wa kina mama. Nitakuja kwa sharti moja. Kabla ya siku hiyo waite watoto wako wote, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe nani alimwacha nani. Usinitumie zawadi wala usinitumie mtu wa kuniomba msamaha. Baba hawezi tena kuambiwa, lakini wao wapo, na sitaki nao wazeeke wakinihurumia kwa kosa ambalo si langu.

Nitamuuliza Neema. Akiniambia umesema, utaniona nashuka garini. Akiniambia hukusema, usinitafute, na wageni wakikuuliza niliko, waambie safari hii ni kweli nimekukimbia.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hakutoroka.