Komeo, Mlinzi Asiyefungua Geti

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka. Mama amesema mimi ndiye niandike, kwa kuwa kaka akianza huishia kulia, na mimi kusema mbele za watu siwezi. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu ya kifua changu, unajua. Lakini kusoma nilijifunza kwa maneno yako, kwa hiyo haya nayo ni yako.

Wengi wanakukumbuka kwa jina la Komeo, yule mlinzi wa kwenye televisheni, kofia imemfika kwenye nyusi, filimbi shingoni, anayelinda nyumba ya tajiri na hamfungulii mtu geti. Alikuja daktari, akamzuia. Alikuja fundi bomba huku maji yanafurika hadi barabarani, akamwambia, "Maji yametoka bila ruhusa yangu, na wewe unataka kuingia bila ruhusa yangu. Mmepanga?" Alikuja mwenye nyumba mwenyewe amesahau miwani, akaambiwa hafanani na mwenye nyumba. Miaka yote ya kipindi, na kwenye filamu zako zote, hukumfungulia mtu hata mmoja, na watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Nyumbani ulikuwa mwingine kabisa. Mgeni ulimpa kiti kabla hajamaliza kubisha hodi. Macho yako hayakupatana na herufi ndogo, kwa hiyo jioni ulipiga pasi sare ya ulinzi na mimi nikakusomea maneno yako ya kesho. Nikikosea hukunicheka. Ulisema, "Rudia, mwanangu. Neno halina mbio." Mama alikutania, "Kumbe ukivua kofia unajua kufungua mlango!" Nawe ukamjibu, "Kofia ndiyo yenye roho mbaya. Mimi nimeikopesha kichwa tu." Tulicheka. Siku hizi tukilikumbuka neno hilo, hakuna anayecheka.

Ilianzia kazini. Siku hiyo nilikuwa nimekusindikiza, nimekaa nyuma ya taa. Mgeni akagonga geti, nawe ulipaswa kusema maneno uliyoyasema kila wiki: "Wewe ni nani, na umetumwa na nani?" Ukafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Ukamtazama mwigizaji mwenzako kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko usio wake. Mpiga picha akaanza kutikisika kwa kicheko. Mwongozaji akapiga mapaja yake. "Hapo hapo, mzee! Usibadilishe kitu!" Wakacheka wote. Wewe pia ulicheka, lakini uligeuka kunitafuta gizani, na midomo yako ilikuwa inaniuliza: nilikuwa nasema nini?

Watazamaji wakaupenda ule ukimya. Watoto wakauiga barabarani. Mwongozaji akaagiza uwekwe kila wiki, na kila wiki ukazidi kurefuka. Karatasi nilizokusomea zikawa nyepesi. Zamani ulimaliza shati na suruali nami bado nasoma. Sasa nilimaliza kusoma pasi haijashika moto. Mwongozaji alikuja nyumbani akatuambia kwa furaha, "Mzee wenu hahitaji maneno tena. Anasimama tu, watu wanaanguka chini." Mama akamuuliza, "Na yeye, anacheka?" Mwongozaji akanywa chai yake, akaaga.

Kisha ukarudi nyumbani na kofia. Hukuwahi kufanya hivyo kabla. Ukaweka kiti nyuma ya mlango wa mbele, ukakaa. Kaka akarudi kutoka gereji, mikono imejaa grisi.

"Simama hapo. Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na njaa, afande!"

"Njaa haina barua. Rudi ulikotoka."

Kaka alicheka hadi akaegemea ukuta. Tulidhani unatufurahisha. Mtu aliyetuchekesha maisha yake yote, tungeijuaje siku aliyoacha? Kaka akapiga hatua aingie, nawe ukainuka, ukamwekea mkono kifuani, na mkono ule haukuwa wa mchezo. Shangazi alikuwa anachambua mboga. Akaweka kisu chini. "Mzaha mzaha," alisema, "hutumbua usaha."

Daktari alisema ni ubongo, kwamba unazima kama taa za nyumba kubwa, chumba kimoja baada ya kingine. Alisema utasahau mengi. Hakutuambia kwamba wa kwanza kusahauliwa ni wewe mwenyewe, na wa kubaki ni Komeo.

Maneno yakarudi, hata ya miaka ambayo mimi nilikuwa sijazaliwa, ila sasa hayakuwa na mtu wa kuambiwa. Mchana kweupe tulikukuta unazungumza na mlango. "Wewe tena? Nimekwambia leo huingii. Na huyo uliyekuja naye, mwambie aache kunichungulia." Kaka akafungua atazame. Hapakuwa na mtu. Ukamfokea afunge haraka, naye akafunga, mtu mzima mwenye ndevu. Tangu hapo hatukukubishia. Tulipita mlango wa jikoni, kimya kimya, kama wezi kwenye nyumba yetu wenyewe.

Mama peke yake alikataa. Kila akitoka sokoni alisimama mbele yako na kikapu chake.

"Ni mimi, mke wako."

"Mke wa nani? Hapa kila anayetaka kuingia ni mke wa mtu."

"Wako wewe."

"Mlinzi haoi, mama. Akioa, geti atamwachia nani?"

Tulimwomba aigize kidogo, aseme ametumwa, pengine ungelainika. Akasema, "Mimi sikuolewa na Komeo. Nataka aliyenioa anifungulie mlango wangu. Mara moja tu, basi." Halafu akazunguka nyumba kupitia jikoni kama sisi, na kila alivyozunguka tuliona amepungua.

Mwishowe miguu yako ikakataa. Tukakulaza chumbani. Chakula hukukitaka tena. Ulilinda mlango wa chumba kwa macho tu. Siku moja mama akaja na bakuli la supu, akasimama kizingitini. Alikuwa amechoka, Baba. Hakusema yeye ni nani. Aligonga ubao wa mlango.

"Nani?"

"Mpita njia."

"Unamtafuta nani?"

"Namtafuta mume wangu."

Ukanyamaza. Ukawa ule ukimya wako ambao watu waliungoja kila wiki ili wacheke. Mimi na kaka tulikuwa nyuma ya mama.

"Ametoka," ukasema. "Lakini ni mtu mwema yule. Pita uketi, umsubiri. Akisikia nimekuacha umesimama nje, mimi kazi sina."

Ukavuta miguu chini ya shuka, ukamwachia nafasi. Mama akapita. Akaketi ukingoni mwa kitanda, nawe ukampa mkono kama apewavyo mgeni, na hukuuachia. Jina lake hukulitaja. Hukusema neno jingine, na kabla jua halijachwa ulikuwa umeondoka.

Kipindi bado kinarudiwa. Majirani wakituona tunapita hupunguza sauti. Wasipunguze, kile kicheko ulikifanyia kazi, ni chao. Ila sisi hatukiwashi. Mama haji tena mezani. Anakaa ukingoni mwa kitanda chako, upande ule ule, uso ameuelekeza mlangoni. Amekonda, Baba, amekonda sana. Kaka akimwita aje kula, mimi nikimwita, shangazi akimbembeleza, anatujibu kwa upole, kama asiyetaka kutuudhi: "Nimeambiwa nisubiri."

Unakumbukwa na mkeo, mwanao fundi magari, binti yako msomaji wako, dada yako, mkwe wako na wajukuu, mwongozaji na wenzako wote wa kazini.

Wewe ulitusahau, Baba, na hatukulaumu. Sisi hatutakusahau.