Bibi Anataka Kuishika Tuzo ya Mume Wangu

Mpendwa Shangazi Raya,

Nakuandikia nikiwa mke wa mtu tangu mwezi uliopita, na hata hilo neno mke nikiliandika natabasamu peke yangu, lakini naomba unisaidie haraka kwa sababu Jumapili imekaribia na mbuzi ameshafungwa.

Mume wangu Felisiani ana banda la video hapa Kashaulili, mjini Mpanda, na yeye ndiye anayetafsiri filamu za nje, anapunguza sauti ya filamu, anashika maiki na kuwasemea wote, mabosi, polisi, wanawake, hata farasi, na akilia kwenye ile maiki watu wazima wanajifuta machozi, mimi mwenyewe niliipenda sauti yake kabla sijaiona sura. Kuna mwigizaji mmoja Mzungu, mrefu, mwenye kovu shavuni, ambaye kwenye kila filamu Felisiani humpa jina lake mwenyewe, yaani bandani kwetu anaitwa Kamanda Felisiani na hakuna anayemjua kwa jina lingine.

Basi Jumamosi mchana tivii ilirudia sherehe ya tuzo za filamu, na sisi wapenzi wa filamu tukajaa hadi mlangoni, mimi nimevaa gauni langu la sendofu, lile nililoagwa nalo kwetu, kwa heshima ya zulia jekundu, na Felisiani anatafsiri kama kawaida, magauni anayasifia, waliokosa tuzo anawasemea yaliyo moyoni. Kamanda alipotajwa mshindi, banda lilitaka kung'oka. Akapanda jukwaani, na mume wangu akasema kwenye maiki, "Mimi Felisiani nawashukuru wote, lakini zaidi namshukuru mke wangu Skolastika, ambaye nikirudi nimechoka, nikimuona tu, uchovu unaisha." Shangazi, nimesoma hadi kidato cha nne, na sauti ya yule Mzungu ilikuwa inasikika kwa chini. Alikuwa anawashukuru mbwa wake wawili. Mume wangu akawaondoa mbwa akaniweka mimi! Nililia hadi wanja ukafika shingoni.

Tatizo ni kwamba baba yangu, Mzee Telesphor, alikuwa amekuja mjini kutoka Kabungu kununua mbegu, akaingia bandani kunisalimia, akakaa benchi la nyuma. Baba hakuwahi kuikubali ndoa yetu kwa moyo, siku ya posa aliuliza mbele ya wazee, "Mwanaume mzima kazi yake kuwasemea watu wasiomjua?" Sasa alinyanyuka, akamkumbatia Felisiani huku wote wanaona, "Mwanangu! Kumbe ndiye wewe!" Mwanangu, Shangazi, sio mkwe. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Baba, aliyepewa tuzo ni yule Mzungu." Akanicheka. "Yule amempokelea tu, mumeo angefikaje huko? Mimi sio kiziwi. Mdomo wa Mzungu, maneno yote ya mume wako. Jina lake si limetajwa? Na lako si limetajwa?" Nikarudi kwenye benchi langu.

Amerudi Kabungu na kutangaza kijiji kizima. Jumapili baada ya misa kuna sherehe, kwaya imeshajifunza wimbo, na bibi yangu, ambaye macho yake hayaoni tena, anataka kuishika hiyo tuzo. Felisiani hataki kulipoteza lile neno mwanangu, kwa hiyo amempelekea seremala kipande cha mninga achonge mtu mdogo aliyesimama wima, wampulizie rangi ya dhahabu. Lakini baba alichimba dhahabu ujanani, atajua akiishika tu! Mume wangu nampenda kupita kiasi, baba nampenda, na ukweli nikuambie, na mimi nilipenda sana kushukuriwa. Nifanyeje?

Skolastika, mke wa Felisiani, Mpanda


Skolastika mwanangu,

Hongera kwa ndoa, na hongera kwa kuwashinda mbwa. Sasa futa wanja tuongee.

Mwambie seremala aache kazi leo hii. Bandani mumeo hakumdanganya mtu, alikuwa kazini, na kila aliyekaa kwenye benchi alijua mchezo isipokuwa mmoja. Uongo utaanza pale mtakapomwekea bibi asiyeona kipande cha mninga mkononi na kumwambia ni tuzo. Nyie hamna aibu?

Na wewe usijifanye mtazamaji tu. Ulimwambia baba ukweli mara moja, akacheka, ukanyamaza, maana ulitamani iwe kweli. Nakuelewa. Nimeolewa miaka mingi na sijashukuriwa hata kwenye maiki iliyozimwa. Lakini kuelewa sio kukubali.

Kesho asubuhi pandeni bodaboda mwende Kabungu, wote wawili. Aseme Felisiani, sio wewe. Aseme, "Baba, tuzo ni ya yule Mzungu. Mimi nilichomeka jina langu na la mke wangu, na uliponiita mwanao nikaogopa kukanusha." Asipambe, asiigize sauti ya mtu. Halafu anyamaze, jambo ambalo najua litamtesa.

Sherehe msiifute, mbuzi ameshafungwa, na kosa lake pekee ni utamu. Jumapili bebeni tivii, betri ya sola na maiki. Wekeni filamu ya Kamanda, kwanza bila mumeo, hadi watu wachoke kumwangalia Mzungu anayechezesha midomo na waanze kuulizana chakula kiko wapi. Hapo ndipo Felisiani ashike maiki. Baba yako ataiona kazi aliyoidharau siku ya posa. Bibi mkalisheni mbele kabisa, karibu na mumeo. Filamu ya kusimuliwa ataifaidi yeye kuliko nyie wenye macho.

Inawezekana baba akakasirika na kurudi kumwita mkwe hadi mavuno. Mwacheni akasirike. Angalau safari hii atakuwa amemkasirikia Felisiani mwenyewe, maana bandani aliyemkumbatia ni yule Mzungu.